Salamu za shukrani kwa waliofanikisha harusi ya tarehe 4 Mei 2024

Familia zetu mbili, ya bwana harusi na ya bibi harusi, zinatoa shukrani za dhati kwa wote mliosimama nasi katika ndoa ya vijana wetu iliyofungwa jijini Dar es Salaam siku ya Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, siku ileile Kimbunga Hidaya kilipoingia kisiwani Mafia. Hatuwezi kumfikia kila mmoja nyumbani kwake. Ila yapo yaliyofanyika ambayo tunataka yajulikane yalivyofanyika, maana harusi za masika zipo kila mwaka.

Tuanze na kijana wa kamati aliyepewa kazi moja: kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na kuziweka kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Kila taarifa aliiweka pamoja na tarehe na saa iliyotolewa, kwa sababu taarifa ya asubuhi ikisambazwa usiku huwapotosha watu. Alitutenganishia kasi mbili ambazo wengi huzichanganya: kasi ya upepo unaozunguka kitovu, ambayo ndiyo inayobomoa, na kasi ya kimbunga chenyewe kusogea, ambayo ndiyo inayokadiria saa ya kufika. Video za vimbunga vya nchi nyingine zilipoanza kuitwa Hidaya, alizifuta bila kubishana na mtu.

Yeye ndiye aliyetueleza pia kwamba kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kitovu kikiwa upande wa Mafia, Dar es Salaam hupata upepo wa kusini unaogeukia magharibi, na Kilwa, Lindi hadi Mtwara ndiko unakovuma kutoka baharini na mvua yake. Kwa maelezo hayo wapishi walijua mapema kwamba kibaraza cha kufaa ni cha kaskazini.

Wazee wetu, ahsanteni sana. Maneno ya kwamba kimbunga hakifiki pwani yetu mliyajibu kwa kukumbusha Unguja ya 1872 na Lindi ya Aprili 1952, na baada ya hapo kikao hakikuwa kirefu: nikaha ibaki Jumamosi asubuhi, ndani, kwa watu wachache, walima usogezwe hadi Jumamosi inayofuata, tarehe 11.

Safari za boti kati ya Unguja na Dar es Salaam ziliposimamishwa, baba wa bibi harusi alikuwa bado Unguja. Tunamshukuru sheikh aliyetuongoza bila papara. Mzee alimpa uwakala mdogo wake aliyekuwa Dar es Salaam, kwa maneno ya wazi, akamtaja binti, bwana harusi na kiasi cha mahari, mashahidi wakisikia. Aliyekaa mbele ya bwana harusi akaoza alikuwa baba mdogo, na mashahidi wa nikaha walikuwepo hapohapo msikitini. Mzee wetu, subira yako ilitupa moyo sisi sote.

Mwenye tenti alikubali kuhamisha tarehe bila kukata malipo ya awali, na kazi aliyoifanya Ijumaa tunamshukuru nayo zaidi. Alivua turubai lote na kuta zake, akaacha fremu tupu. Wengi huongeza kamba tu. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, na kigingi kwenye mchanga uliolowa hung'oka hata kikiwa kimegongwa kwa kulala. Mvua nayo ina uzito wake: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja. Turubai likilegea na kutuamisha sentimita tano za maji mahali pa ukubwa wa mita mbili za mraba, hizo ni kilo 100 juu ya vichwa vya watu.

Kina mama wa jikoni, Mungu awalipe. Ng'ombe hakuchinjwa mpaka uamuzi ulipotoka, ndiyo maana hakuna nyama iliyoharibika. Mchele, vitunguu na viungo viliinuliwa juu ya meza, mbali na sakafu. Friza ilijazwa na kufungwa. Ikijaa hivyo na isifunguliwe, huhifadhi baridi kwa muda wa siku mbili hivi umeme ukikatika. Pilau ya Jumamosi ilipikwa kidogo na kuliwa palepale, kwa kuwa wali uliolala kwenye joto huumiza matumbo. Pamoja na mvua yote, hakuna jiko la mkaa lililoingizwa chumbani, na jenereta ilikaa nje, mbali na madirisha, chini ya bati. Moshi wa vitu hivyo huua watu wakiwa usingizini, nasi tulikuwa na watoto wengi ndani.

Ndugu zetu wa Kilwa na Lindi, barabara ilikatika Somanga na mkabaki huko na maji yenu, na bado mlipiga simu kutupongeza. Tumeguswa mno. Kamati imeridhia salio lote la michango lije kwenu, na hesabu yake itawekwa kwenye kundi, mchango na matumizi, ili kila aliyetoa aione.

Shukrani pia kwa majirani waliolaza wageni, kwa vijana waliozibua mtaro wa mtaa kabla ya mvua, na kwa wote mliokuja tarehe 11 kama vile hakuna kilichoahirishwa.

Sinia, masufuria na majamvi ya watu bado yako nyumbani kwa bibi harusi, yameoshwa na kukaushwa. Tafadhali njooni mchukue, kila siku baada ya Alasiri.