Karatasi ya Karanga: Barua kwa Vijana wa Baraza la Jumamosi

Wanangu mnaokutana nami kila Jumamosi kusomeana tunayoyaandika,

Salamu nyingi. Barua hii nimeianza mara tatu mwezi huu na mara tatu nimeiacha mezani nikaenda kufanya jambo jingine. Leo sinyanyuki mpaka iishe, kwa sababu nimekasirika, na hasira kwangu ni kama gundi, hunishika kitini.

Jumanne nilishuka kwenye daladala pale Ngamiani nikanunua karanga kwa mama mmoja anayeuza kando ya barabara. Akanifungia kwenye koni ya karatasi, kama kawaida yao. Karanga zilipokwisha nikaikunjua ile karatasi, maana mimi siwezi kutupa karatasi yenye maandishi bila kuisoma. Ilikuwa ya daftari, mistari ya bluu, kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, mwandiko umelalia kushoto. Niliutambua kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Mstari wenyewe ulisema: "Miaka sita baada ya kubaki wawili, mama bado alikuwa anapika wali wa watu wanne." Nilirudi kwa yule mama nikamuuliza karatasi zile kazipata wapi. Akasema kuna kijana alimletea mfuko mzima wa madaftari, na pesa hakutaka.

Mnamjua ni nani. Ni mwenzenu aliyechelewa dakika arobaini Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, akaingia anahema, baiskeli kaiangusha nje bila kufuli. Nilimwomba atusomee sura ya tatu. Akaitafuta, hakuiona, akamwaga mkoba wote juu ya mkeka. Madaftari tisa. Mmoja wenu akayahesabu kwa sauti, na kila idadi mkaipokea kwa kicheko. Mwingine akarekodi kwa simu. Na mmoja, ninayempenda sana na ndiyo maana nimeumia zaidi, akasema, "Huyu si mwandishi, huyu ni duka la steshenari." Mimi niliyekuwa mkubwa wenu pale nilinyamaza, nikidhani mzaha utapita. Haukupita. Kijana hajarudi, na kitabu chake kinafungiwa karanga.

Sasa nisikilizeni.

Madaftari yale tisa nayajua, kwa sababu chini ya kitanda changu kuna sanduku lenye thelathini na moja. Mengi yameandikwa kurasa nne au tano za mwanzo, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyejawa na matumaini, kisha ni weupe mpaka jalada la mwisho. Nilizaliwa hapa hapa Tanga mwaka 1957, na tangu utotoni sikuwa na utulivu. Ukinituma chumvi nitarudi na kisa cha niliyokutana nayo njiani, chumvi sina. Mama alinipeleka kwa shekhe aliyekuwa akiandika kombe. Shekhe akachovya kalamu ya mwanzi kwenye zafarani, akaandika aya juu ya sahani nyeupe, mstari kwa mstari, taratibu, kisha akaziosha kwa maji ya waridi nikanywa. Muda wote ule kalamu inatembea juu ya sahani sikutikisika. Mama aliporudi nyumbani alisimulia mtaa mzima. Mimi sibishani na imani ya mama yangu. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile, nikiona wino mbichi ukikauka, kichwa changu kinakusanyika mahali pamoja.

Jina la hali yangu nimelipata nikiwa na miaka sitini na moja. Mjukuu wangu alipelekwa hospitali kwa kushindwa kutulia darasani, daktari akawa anamuuliza mama yake maswali: huanza kazi bila kuimaliza? Hupoteza vitu anavyovihitaji kila siku? Huonekana hasikii hata akisemeshwa usoni? Mimi nimekaa pembeni, kila swali moyoni naitika. Wiki mbili baadaye nikarudi peke yangu. Inaitwa ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuongoza umakini wake. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoionyesha. Daktari anahoji maisha yako yote, kwa sababu dalili lazima ziwe zimeonekana kabla ya miaka kumi na miwili, na ziwe zinakuharibia mambo nyumbani na kazini, si mahali pamoja tu. Hurithiwa kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana bibi na mjukuu tulikutana kwenye chumba kimoja. Na watoto wa kike huachwa nyuma sana, kwa sababu wengi wetu hatupandi juu ya madawati. Tunakaa kimya tukiangalia dirishani, tunaitwa wazembe.

Watu hudhani kichwa cha namna hii hakina umakini. Umakini upo, tena mwingi, ila hautii amri. Naweza kuandika saa saba bila kula wala kusikia adhana, na kesho yake nikashindwa kuandika barua ya mistari mitano kwa mpangaji wangu. Kitu kipya kinawasha taa. Daftari jipya lina harufu yake, lina ukurasa wa kwanza ambao haujaharibiwa na mtu, na ubongo unaamka kama umeitwa kwa jina. Ukurasa wa tano upya umekwisha, taa inazima. Mwenye kichwa hicho hajui taa imezimwa na nini. Anadhani hadithi yake ni mbaya. Basi anakwenda kununua daftari jingine, aanze upya vizuri. Hayo ndiyo madaftari tisa mliyoyahesabu: mara tisa mwenzenu alijaribu.

Na hapa lazima niseme la kwangu. Nimeshika chaki miaka thelathini na minne. Nimefundisha madarasa ya watoto themanini, tisini, wengine wamekaa chini, na mtoto asiyetulia katika darasa kama hilo mwalimu humwona kama mtu aliyekuja kumwonea. Nimewachapa. Namkumbuka mmoja aliyekuwa akipoteza kalamu kila wiki. Nilimwita mbele, nikamwambia hana adabu, nikampiga fimbo za mkononi, mkono ule ule niliotaka ushike kalamu. Mwaka 1902, kule London, daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake kuhusu watoto wa namna hii, na alichokiona yeye ni upungufu katika kujizuia kimaadili. Miaka themanini baadaye, mimi na chaki yangu hapa Tanga, bado nilikuwa nasoma tabia mbaya mahali palipokuwa na ubongo unaohitaji msaada. Hatujaacha. Shuleni ni fimbo, nyumbani ni "mbona mwenzio anaweza," kazini ni barua ya onyo, na barazani kwetu, kumbe, ni simu inayorekodi. Mtoto aliyeambiwa maneno hayo miaka ishirini hahitaji adui. Atabeba madaftari yake mwenyewe mpaka kwa muuza karanga.

Nimewakaripia mliocheka. Sasa zamu ya mnaopenda madaftari, na wewe uliyeondoka nakuomba usome kuliko wote.

Sitakwambia uache kupenda kalamu na karatasi. Walioniambia hivyo walitaka kunitoa kwenye mlango pekee ninaoingilia kazini. Nitakwambia jambo moja nililochelewa kulijua: badilisha wino, usibadilishe daftari. Ubongo wako unadai kipya, haya, upe kipya, lakini kipya hicho kiwe kalamu. Kalamu ikiisha haiondoki na sura ya tatu.

Mimi natumia kauntabuku ya kwaya tatu, ile yenye jalada gumu inayonunuliwa na wenye maduka kuandikia madeni. Kwaya tatu ni kurasa 288. Siku ya kwanza nakaa nazipa namba zote kwa mkono, moja mpaka mwisho. Kazi ile huchukua saa nzima, inachosha, na ina faida mbili. Ya kwanza, daftari linakoma kuwa safi, kwa hiyo ule woga wa kuharibu ukurasa wa kwanza unakufa. Ya pili, sasa kila wazo lina anwani. Kurasa nne za mwanzo naacha za yaliyomo. Baada ya hapo kila kitu kinaingia humo kwa mfuatano wa siku, bila kuchagua: mazungumzo ya wahusika, tarehe ya kliniki, bei ya mkaa, ndoto, ugomvi wa majirani niliousikia dirishani. Sitengi daftari la hadithi na daftari la nyumbani, kwa sababu nikitenga, nitakaposhikwa na wazo sokoni daftari la hadithi litakuwa nyumbani. Jioni naandika kwenye yaliyomo, na ingekuwa hadithi yako ningeandika: "Mama na wali, uk. 14, 57, 203." Riwaya yangu ya pili ilitapakaa hivyo katika kauntabuku nne, nikaikusanya kwa kufuata namba, kama mtu anayeokota maembe yaliyoanguka usiku.

Wino sasa. Nina bluu, nyeusi, kijani na zambarau. Mhusika akianza kunichosha namhamishia rangi nyingine, na mara nyingi anazinduka. Nikirudi kusoma, mahali rangi ilipobadilika naona hasa pale nilipochoka, na mara nyingi ndipo hadithi ilipolegea pia, kwa hiyo rangi zinanisaidia hata kuhariri. Kalamu za wino wa chupa ni nzuri mno, lakini karatasi ya kauntabuku ni nyepesi, wino unapenya upande wa pili. Nazo natumia upande mmoja tu wa karatasi. Kalamu za Bic naweka mahali pote penye kiti. Wengi wetu hutafuna vifuniko tukifikiri, na kile kitundu mnachokiona kwenye kifuniko kiliwekwa ili mtu akikimeza kwa bahati mbaya hewa ipite. Mtengenezaji aliwafikiria watu wa namna yetu kuliko walimu tulivyowafikiria.

Na msinunue daftari ambalo mtaliogopa. Nilizawadiwa moja la ngozi, karatasi zake nene kama maandazi, na miaka kumi na moja sijaandika humo hata jina langu. Nalifungua, nalinusa, nalifunga. Kila mkiingia dukani kabla hamjafika ukurasa wa mwisho wa lile mlilonalo, jiulizeni: nanunua karatasi, au nanunua ile hisia ya kwamba kesho nitakuwa mtu mwingine? Hisia hiyo inauzwa ghali na haidumu hata mpaka nyumbani. Nunueni kalamu. Nunueni rangi. Daftari linabaki lile lile, lichafuke, litoke madoa ya chai, livimbe kwa unyevu wa bahari, mpaka namba 288.

Mengine nayataja tu. Msiandike peke yenu kama mnaweza kukaa karibu na mtu anayefanya kazi yake. Mimi asubuhi nakaa barazani kwa fundi cherehani jirani yangu, hatusemezani, mashine yake ikikimbia na mimi nakimbia. Acheni kazi katikati ya sentensi, ili kesho pawe na pa kuingilia. Saa ya kengele iwe chumba kingine, mnyanyuke kuizima. Ufunguo una msumari wake. Tarehe ya mwisho ya shindano iandikwe ukutani, tena wiki mbili kabla ya ile ya kweli. Kuleni kabla ya kuandika. Laleni. Na pigeni picha kurasa za siku kila jioni. Mwaka 1994 nilisahau daftari kwenye basi la Pangani, kurasa 140, na sikushika kalamu kwa mwaka mzima.

Kuna mmoja wenu alinijia kwa siri kuuliza kama namjua mtu mwenye vidonge vya Ritalin vilivyobaki, maana kasikia vinamfanya mtu aandike usiku kucha. Mwanangu, hiyo ni dawa ya ADHD, inayoandikwa na daktari kwa mtu aliyemchunguza. Hupandisha mapigo ya moyo na presha, hukata hamu ya kula, hunyang'anya usingizi. Wapo inaowasaidia sana, mjukuu wangu ni mmojawapo, na ndiyo hasa sababu haigawiwi kama pipi. Mimi daktari alipopima presha yangu aliona tuanze bila vidonge. Nenda kachunguzwe.

Na kuhusu ADHD, tuache huu usemi wa "sote tunayo kidogo." Kusahau ufunguo mara moja moja ni ubinadamu. Mwenzenu hakusahau sura ya tatu mara moja.

Karatasi ile ninayo. Nimeikausha mafuta kwa unga wa muhogo, nikaibana siku mbili katikati ya kamusi, na maneno yote yanasomeka. Nimezungumza na muuza karanga. Amenirudishia madaftari sita yaliyobaki, nimemnunulia magazeti ya zamani afungie badala yake. Matatu yamekwenda, yako mikononi mwa wapita njia wa Ngamiani. Aliyerekodi video aifute leo. Waliocheka waende nyumbani kwa mwenzao, Barabara ya 14, si kwa simu, kwa miguu, wabishe hodi, na wamkute mama yake kwanza wamwamkie.

Wewe mwanangu, nimekununulia kauntabuku ya kwaya tatu. Namba za kurasa nimeziandika mpaka 50, nyingine utamalizia wewe. Kwenye ukurasa wa tano nimenakili mstari wako kwa wino wa kijani, halafu nikaishia pale. Nataka kujua wale wawili wengine walikwenda wapi.

Jumamosi tunaanza saa nne. Mkeka wa kushoto kwangu asikae mtu, hata akichelewa.

Wenu,
Bi Mwalimu