Barua kwa mwanangu: habari ya viatu vilivyovuka bahari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Pangani. Bibi yako hajambo, ila bado anauliza kama huko Dodoma mnapata samaki. Dada yako kaniambia unataka kuliacha somo la mikondo ya bahari kwa kuwa ni mishale mitupu kwenye ramani. Kabla hujaliacha, soma habari ya viatu.

Mei 1990 meli iitwayo Hansa Carrier ilikuwa ikitoka Korea kwenda Marekani. Dhoruba ikaikuta Pasifiki, makontena yakaporomoka, na makumi ya maelfu ya viatu vya Nike vikaanza safari bila wavaaji. Baadaye vikawa vinatupwa ufukweni Oregon, Washington na Kanada. Havikuwa vimefungwa viwiliviwili, kwa hiyo mtu anaokota cha kushoto, cha kulia kiko kwa mwenzake asiyemjua. Basi watu wakaanzisha magulio ya kubadilishana: lete kulia, chukua kushoto! Wakishavisuuza chumvi, wanavaa.

Huko Seattle alikuwepo mtaalamu wa bahari, Curtis Ebbesmeyer. Mama yake ndiye aliyemuuliza vile viatu vimetoka wapi. Mtaalamu mzima, swali kapewa na mama! Unaelewa kwa nini nakipenda kisa hiki.

Akafuatilia. Kila kiatu kilikuwa na namba ndani, na kwa namba hiyo kiwanda kiliweza kusema kilipakiwa meli gani. Mahali na siku ya kuanguka vikajulikana. Mahali pa kufikia wakapataja waokotaji. Mwenzake James Ingraham alikuwa na programu ya kompyuta ya kukokotoa jinsi upepo na mikondo inavyoyapeleka maji ya juu, na viatu vikawapa namna ya kuipima. Kisha tarehe 10 Januari 1992 kontena lingine likamwaga midoli 28,800 ya kuogea watoto, wakiwemo bata wa manjano, kasa wa bluu na vyura wa kijani. Novemba bata wakatua Sitka, Alaska, wakitabasamu vilevile.

Na jambo hili usilipite haraka: kiatu cha kushoto kimepinda upande mmoja, cha kulia upande wa pili. Upepo ukivipiga vikielea, unavisukuma njia tofauti, na kuna fukwe zinazopata vya kushoto vingi kuliko vya kulia.

Sasa njoo kwetu. Kusini ya Ikweta, pepo zinayasukuma maji ya Bahari ya Hindi kutoka mashariki hadi Madagaska, yanagawanyika, na tawi moja linapanda kaskazini kupitia Mtwara na Zanzibar hadi hapa kwetu na Kenya. Ndiyo maana pwani ya Kenya huokotwa chupa zenye maandishi ya Indonesia. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, tawi hilo linakwenda mbio na kuungana na mkondo wa Somalia. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikiingia, mkondo wa Somalia unageuka mzima kushuka kusini. Mikondo hiyo miwili inakutana karibu na kaskazini ya Kenya, hakuna anayempisha mwenzake, na maji yanakata kwenda mashariki, bahari kuu. Mkondo mzima kugeuza njia kila mwaka kwa kufuata upepo, halafu wewe unasema mishale!

Mwezi wa saba ukija likizo, nunua machungwa pale Muheza, kikapu kizima, tukayatupe baharini tuone mkondo unayapeleka wapi. Wapima mikondo huyatumia kweli: chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haupati pa kulishika, kwa hiyo linafuata maji. Karibu na ufukwe kupwa na kujaa kutatuvuruga, tutamwomba mjomba wako atutoe na ngalawa hadi nje ya mwamba. Wewe utashika saa, mimi nitaandika. Nunua na ya akiba, maana mjomba akikaa karibu na kikapu hatutabaki na la kutupa.

Mama yako