Kipimo cha baridi yabisi si cha kila mtu

Ndugu Mhariri,

Kipupwe kinapoingia huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Makete hadi Tukuyu, kila anayelalamikia vidole au magoti huambiwa kwamba ni baridi tu, akanunue diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, dukani. Siku hizi limeongezeka jambo jingine, ambalo ndilo lililonisukuma kukuandikia: watu wasio na maumivu yoyote wanashawishiwa kulipia kipimo cha damu cha baridi yabisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe), kwa hoja kwamba damu huonyesha ugonjwa huo miaka mingi kabla haujaanza.

Hoja yenyewe si uongo. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuchunguza damu iliyohifadhiwa ya wagonjwa 79 waliowahi kuchangia damu kabla ya kuugua, wakakuta kwamba takriban nusu yao walikwisha kuwa na kingamwili (protini za kinga zilizomo kwenye damu) za ugonjwa huo, wengine zaidi ya miaka kumi kabla ya kiungo chochote kuuma. Kingamwili hizo ni ile iitwayo RF, pamoja na zile za anti-CCP, ambazo hulenga protini za mwili wenyewe zilizobadilika umbo, badiliko ambalo uvutaji wa sigara huchangia kulichochea mapafuni.

Lakini wale walikuwa wagonjwa tayari, damu yao ikafuatiliwa kwa kurudi nyuma, na hata hivyo nusu nyingine haikuonyesha kitu. Isitoshe, RF huonekana kwa wazee wenye afya njema na kwa wenye homa ya ini au kifua kikuu. Anti-CCP huaminika zaidi, ingawa kifua kikuu, ambacho si kigeni kwetu, nacho huweza kuipandisha.

Anayestahili kipimo hiki ni yule ambaye vifundo vya vidole vyake vimevimba kwa wiki kadhaa, na ambaye kila asubuhi mikono hukakamaa kwa nusu saa au zaidi, hasa akiwa na mzazi au ndugu mwenye ugonjwa huo. Huyo, badala ya kumeza diklofenaki mwaka baada ya mwaka (na kuhatarisha figo na tumbo), aende hospitali mapema, kwa kuwa dawa iitwayo methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki, huzuia viungo visiharibike, ila haiwezi kurudisha kiungo kilichokwisha kuliwa na ugonjwa. Aliyepata majibu chanya bila dalili yoyote aache sigara, asianzishiwe dawa kwa sababu ya karatasi ya maabara, na arudi kwa daktari pindi vifundo vitakapoanza kuvimba.

Msomaji wako,
Mwanjelwa, Mbeya