Shoga, soma hii habari ya Deanna Durbin kabla hujaniblok

Shoga angu,

Za siku nyingi? Najua meseji zangu zote umeziona, tiki za bluu zile pale, na hujajibu hata moja. Sikulaumu. Ndo maana nimeamua nikuandikie kabisa, ndefu, kama zile barua tulizokuwa tunapitishiana bodingi kwenye daftari la jiografia, maana nikikurekodia sauti nitaanza kulia katikati halafu utasema nalia ili nionewe huruma.

Lile la sendofu nitalifikia. Kwanza kuna mtu nataka nikupe habari zake, na usiruke mistari, nakujua we unaanzaga kusoma mwisho.

Wiki ile baada ya sendofu nilikuwa na sare za watu 14 za kumaliza, bitana inateleza kama kambale, umeme unakatika unarudi, na mi usiku nikishona peke yangu lazima simu iongee, nimeiegemeza kwenye koni ya uzi inacheza yenyewe video baada ya video. Ikaja moja ya zamaaani, haina rangi, wasichana wawili wamesimama kwenye kibanda cha bendi bustanini wanaimba ili watu wasogee. Mmoja anaimba kiopera, sauti nyembamba, safi, haitetereki, kasimama wima kama yuko paredi. Mwenzake anaimba swing, ile jazi ya kuchezeka, na mabega yote yanacheza. Huyo wa pili nikamjua palepale, Judy Garland, yule staa mwimbaji wa filamu za zamani. Huyu wa opera nikasema ni nani huyu mtoto? Nikaacha hadi cherehani.

Ni kafilamu ka dakika kama 11 tu, Every Sunday, ka mwaka 1936, ka kampuni ya filamu ya MGM. Wote wawili walikuwa watoto wa MGM, ila yule wa opera mkataba wake haukuendelezwa, akaondoka, Universal, kampuni nyingine ya filamu, wakamdaka. Mi nikajisemea basi huyo ndo aliyepotea, yani walimbakiza Judy huyu wakamtupa. Kumbe wapi! Kwa miaka kumi iliyofuata yule aliyeachwa alikuwa hashikiki.

Anaitwa Deanna Durbin. Hilo la Deanna ni la kazini, la kuzaliwa ni Edna Mae. Kazaliwa Winnipeg, Kanada, tarehe 4 Desemba 1921, wazazi Waingereza wa Lancashire, wakahamia California akiwa bado mdogo, na dada yake Edith ndo alikuwa anatoa hela za masomo ya kuimba. Watu wa filamu walimchukua ana miaka 13. Universal wenyewe mwaka ule wa 1936 walikuwa hoi, mwenye kampuni, mzee Carl Laemmle, keshanyang'anywa kwa sababu ya mkopo, ndo wakatoa filamu ya mabinti watatu wanaotaka kuwarudisha baba na mama yao pamoja, mdogo kuliko wote ndo Deanna, na ikapiga hela mpaka watu wakawa wanasema katoto kamoja kameiokoa kampuni nzima. Si unajua watu kwa kutia chumvi, lakini siyo uongo mtupu.

Nikaitafuta ya 1937, One Hundred Men and a Girl. Bando langu lote la wiki liliishia humo na sijutii. Kumbuka ni enzi zile za mdororo wa uchumi Marekani, watu hawana kazi. Baba yake anapiga tromboni na hana ajira, basi binti anakusanya wanamuziki mia moja wasio na kazi, anataka Leopold Stokowski awaongoze, na Stokowski ni yeye mwenyewe kabisa, mwongoza okestra wa ukweli, siyo mwigizaji. Jamaa anakataa. Sasa binti anafanya nini, anawaingiza wale wazee wote ndani ya nyumba ya Stokowski. Shoga, zile ngazi! Wamejipanga kwenye ngazi mpaka juu, huyu na fidla, yule na tarumbeta, makoti yamechakaa, wanaanza kupiga muziki wa Liszt, na Stokowski kasimama juu anawaangalia kwa hasira, na kamera inamwonyesha mikono. Mdomo unakataa, mikono imeshaanza kutingishika yenyewe. Inapanda, inapanda, mara anaongoza. Nilirudia pale mara nne na kila mara nilikuwa nimeshika sindano hewani kama mjinga.

Basi baada ya hapo wakamgeuza mashine. Filamu kila mwaka, mbili wakati mwingine, na karibu zote hadithi ni ileile, binti mchangamfu anaingilia matatizo ya wakubwa, anayatatua, kisha anaimba. Kulikuwa na midoli yenye sura yake madukani, nguo za jina lake, alikuwa redioni. Wakampa ile Oskari ndogo ya watoto, yeye na mwigizaji mwenzake kijana, Mickey Rooney. Mwaka 1939 kwenye First Love akabusiwa kwa mara ya kwanza kwenye filamu, na Robert Stack, na hiyo ikawa HABARI. Magazeti! Yani dunia inaingia vitani na watu wanajadili binti wa miaka 17 kabusiwa. Ukifikiria vizuri inatia kichefuchefu kidogo, dunia nzima inakaa inasubiri mtoto abusiwe.

Lakini kuna kitu kilinikaa rohoni. Unamkumbuka Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha Amsterdam? Ukutani kwenye chumba alichojifichia alibandika picha za mastaa, na Deanna yumo. Mpaka leo picha zipo palepale ukutani. Na yule mtengeneza filamu wa India, Satyajit Ray, mwaka 1992 akiwa kalazwa hospitali Kalkuta wakampelekea Oskari ya heshima kitandani, kwenye shukrani zake akasema alipokuwa mwanafunzi alimwandikia Deanna Durbin barua na Deanna akamjibu. Alimwandikia na Ginger Rogers, staa mwingine, kimya. Akamwandikia mwongozaji filamu Billy Wilder kurasa 12, kimya. Mzee ana miaka 70, anaumwa hasa, wiki chache baadaye akafa, na bado anamkumbuka binti aliyemjibu. (We sasa na tiki zako za bluu. Natania.)

Sasa shida ikaja kwenye kukua. Mtu alianza ana 14, akawa 20, akaolewa 1941, akaachika, akaolewa tena 1945, akazaa binti, na huku studio bado wanataka kale kabinti. Mwaka 1944 alijaribu, akacheza Christmas Holiday, mwanamke anaimba kwenye klabu ya ovyo New Orleans, mume wake muuaji, na huyo mume ni Gene Kelly, yule mcheza dansi mwenye tabasamu! Yeye mwenyewe aliipenda ile kuliko zote. Mashabiki wakanuna, wanataka mtoto wao arudi. Wakamrudisha kwenye kuimba na kuchekacheka. Na hela ilikuwepo jamani, mwaka 1946 alilipwa zaidi ya dola laki tatu, Marekani nzima mwanamke aliyemzidi mshahara alikuwa mwigizaji Bette Davis. Filamu 21 alizifanyia Universal, ya mwisho ikatoka 1948, mkataba ukaisha 1949, akafunga virago. Ana miaka 27. Hajafilisika, haumwi, hajafumaniwa. Kaacha tu.

Desemba 1950 akaolewa na Mfaransa Charles David, ambaye aliwahi kumwongoza kwenye filamu moja, na inasemekana sharti alilompa ni amkinge na buibui, mbu na waandishi wa habari. Mbu! Nilicheka peke yangu, nikasema huyu angekuja Tanga angeomba talaka wiki ya kwanza. Wakahamia Ufaransa, kijiji kinaitwa Neauphle-le-Château, nje ya Paris. Na hapa utashangaa, kijiji hichohicho ndo Ayatollah Khomeini, yule kiongozi wa mapinduzi ya Iran, alikaa miezi ya mwisho kabla ya kurudi Iran Februari 1979, waandishi wa dunia nzima wamejazana pale na kamera zao, na mama wa watu aliyekimbia waandishi miaka thelathini anaishi palepale kimya, hana habari nao. Sijui kama alikuwa anafunga madirisha. Mi ningefunga.

Ofa hazikukoma. Hata ile tamthilia ya nyimbo ya My Fair Lady kabla haijapanda jukwaani walimfuata nyumbani kwake kumsikilizisha nyimbo, akasema zimempendeza, ila hapana asante. Kuna kipindi wakamzushia kanenepa hawezi kujitokeza, akawapelekea picha yake magazetini, tizameni, haya, kwaherini. Tangu aache, mahojiano alikubali mara moja tu, mwaka 1983, kwa mwandishi mmoja wa historia ya filamu anaitwa David Shipman. Akasema hakuweza kuendelea kuwa kale kabinti kanakotatua shida za watu halafu kanaanza kuimba, na kwamba yule Deanna wa kwenye filamu na yeye ni watu wawili, hawahusiani. Mume wake akafa 1999. Yeye Aprili 2013, ana miaka 91. Judy unajua alivyoishia, London, 1969, vidonge, miaka 47. Sisemi mmoja alikuwa na akili na mwingine hana, Judy hakuwa na pa kukimbilia na Deanna alikuwa nazo benki, tuseme ukweli. Wewe kwenye igizo lako uliondoka na bahasha ya nauli na soda.

Na hapo ndo nilipoacha kushona, maana nilikuwa nimeshajua namsoma nani.

Shoga, mi ndo niliyemnong'oneza MC. Siku ile ya sendofu. Ulidhani ni shangazi, siyo shangazi, ni mimi. Nilimwambia yule dada wa meza ya nne mwenye kijani ndo yule mtoto wa lile igizo, mwite. Nilikuwa nimefurahi, nilikuwa najivunia, sijui nilikuwa nataka nini. Akakuita kwa jina la igizo, siyo lako. Watu wote wakageuka, simu juu, na yule MC kakuwekea maiki mdomoni anasema ile ya kulia, ile ya kulia! Na ukaisema. "Baba, nirudishie mama yangu." Miaka kumi na sita imepita na sauti ikatoka ileile ya fom tuu, watu wakapiga vigelegele, we ukatabasamu lile tabasamu la meno, nikapiga vigelegele na mimi.

Nikakukuta chooni umevua viatu, umesimama miguu mitupu kwenye vigae, umefungua bomba na hunawi. Nikakuuliza mbona umeondoka, keki inakatwa. Ukaniambia nakuja. Hukuja.

Na siyo siku hiyo tu. Kila nikikutambulisha kwa mtu naanza na igizo. Kila mwaka nakuuliza kwani hurudi, mbona siku hizi wanalipa, mbona fulani karudi. Hukuwahi kunijibu kwa nini uliacha na mi nikachukulia basi hakuna sababu, au ipo mbaya, nikawa naichokonoa. Umesoma, una duka lako la dawa, watu wanakuamini na watoto wao wana homa saa nne usiku, na mi rafiki yako wa bodingi nakujua kwa kitu ulichofanya ukiwa na miaka 15, wikiendi, kwa miezi minane. Sitakuuliza tena. Ukitaka kuniambia utaniambia, usipotaka tutaongea habari za mwenye nyumba wangu, ana vituko vipya.

Nimeenda kwa yule kijana wa video. Nimemwambia kipande kile akikate, bibi harusi nimeshaongea naye kakubali. Akasema kukata ni kazi upya, anataka elfu thelathini, tumeshindana mpaka ishirini, nimempa, na nimekaa palepale nyuma ya kiti chake mpaka kakikata mbele ya macho yangu. Sasa hivi kutoka kwenye mchele wanaruka moja kwa moja kwenye keki. Zile za kwenye simu za watu siziwezi, hizo nisamehe.

Gauni lako la kijani lile ulilosema linabana kwapani nimelifumua, nimelilegeza upande wa kushoto, lipo kwenye henga hapa dukani. Jumamosi sifungi mapema. Usipokuja nitalituma na bodaboda, nauli nalipa mimi.

Wako wa bodingi