Weka maji, usiweke mbegu

Minneapolis, Minnesota, Marekani
Jumapili, Februari

Shoga yangu Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, ila baridi inatutafuna. Leo asubuhi kipimajoto cha dirishani kilisoma nyuzi 24 chini ya sifuri. Salha kagoma kutoka, baba yake kagoma hata kwenda kujaribu gari, na mimi nimejikalia jikoni na chai ya tangawizi, natazama ndege. Nikaona basi leo ndiyo siku ya kukujibu.

Kwenye ule ujumbe wako wa sauti uliniuliza mawili. Kwanza, kama ni kweli ninanunua chakula cha ndege wa porini kwa fedha yangu. Ni kweli, na usimwambie mama. Pili, ukataka nimpe mtu anayekuja Tanga akuletee chombo cha kuwalishia ndege kama changu ukitundike uani, wajukuu wafurahi. Hicho sikuletei. Usininunie bado, soma kwanza.

Wewe unajua tulivyokua pale Ngamiani, kunguru wanakuamsha kabla ya muadhini. Hapa mwaka wa kwanza, majani yalipopukutika, kilichoniumiza zaidi ya baridi kilikuwa kimya. Unafungua dirisha, husikii hata kitu kimoja chenye uhai. Mzee jirani yetu, mstaafu, ndiye aliyeniletea chombo chake cha zamani. Wenyewe wana jina lao. Mimi nakiita kihori, maana ni kama hori la ng'ombe wa babu yako, ila dogo, la kuning'inizwa. Akanambia: tia alizeti nyeusi tu, usinunue ule mfuko rahisi wenye mchanganyiko. Mimi, na ubahili wangu wa kichagga wa kuazima, nikanunua mfuko rahisi.

Shoga, nusu ya mfuko ule ni mtama! Mtama mwekundu kabisa, ule wa kusongea ugali. Na ndege wa hapa wanaudharau. Anakuja mtu na manyoya yake, anachakura kwa mdomo, anarusha mtama chini huku na huku mpaka aipate mbegu moja ya alizeti, huyo kaondoka. Njiwa peke yao, wanaofanana na tetere wetu, ndio waliokuwa wakiokota chini bila makuu. Na shomoro, lakini shomoro unamjua, hana anachokataa. Nikanyoosha mikono nikanunua alizeti. Hii nyeusi ina ganda jembamba na mafuta mengi, kwa hiyo hata mwenye mdomo mdogo anaipasua.

Wa kwanza kuja alikuwa chikadii. Jina lake ni mlio wake: chika-dii-dii-dii. Uzito wake gramu 11 hivi, kofia nyeusi na kidevu cheusi, kama mtoto wa madrasa aliyelambalamba wino. Huyu hali mezani. Anachukua mbegu moja, anaruka nayo, anaificha kwenye ufa wa gamba la mti, anarudi kuchukua nyingine, na baadaye anakumbuka alikoziweka. Usiku wa baridi kali anashusha joto la mwili kwa nyuzi kama 10 ili akiba yake ya mafuta imfikishe asubuhi. Na ile "dii" ya mwisho si mapambo tu. Akiona adui wa hatari zaidi anaongeza idadi yake. Bundi mdogo mwepesi, anayeweza kumkimbiza matawini, anapigiwa "dii" nyingi kuliko bundi mkubwa mzito. Sasa nikisikia zimezidi nje, naacha vyombo, naenda dirishani kutafuta kipanga yuko wapi.

Halafu kuna kadinali. Ndiyo, kama wale wa Roma, na jina ni kwa ajili ya joho lao. Dume ni jekundu mwili mzima, na kishungi juu. Hebu mfikirie juu ya theluji. Zamani huku Minnesota hakuwako. Alisogea kaskazini polepole katika karne ya 20, na watu wanaamini chakula cha uani kilimsaidia. Jike lake ni la rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo, na lenyewe pia linaimba, jambo ambalo majike wengi wa ndege wa huku hawalifanyi. Wanakuja jioni kabisa, wengine wote wakishaondoka, wawili wawili, na dume huchukua mbegu akamlisha mkewe mdomoni. Baba Salha nikimwonyesha hujifanya anasoma simu.

Hili sasa litakufurahisha. Kuna ndege mdogo jamii ya chiriku, wakati wa kiangazi dume lake ni la manjano kama embe dodo, na wakati huu wa baridi amevaa vazi la kazi, kijani kilichofifia. Huyu anapenda mbegu nyembamba nyeusi ambazo huuzwa ghali sana. Nikasoma lebo ya mfuko: zimetoka Ethiopia! Huko wanaita nuug, wanakamua mafuta ya kupikia. Kabla ya kuuzwa huku hupashwa moto zisije zikaota zikawa magugu. Basi mimi mtu wa Tanga nimekaa kwenye jimbo linalopakana na Kanada, nalisha ndege wa Marekani mbegu za jirani zetu. Nilicheka peke yangu dukani.

Kindi sitaki hata kumwandika. Nimepaka nguzo mafuta, akateleza, akapanda tena. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, lakini huyu alishuka akiwa ameshiba. Kilichosaidia ni kofia ya bati iliyofungwa katikati ya nguzo, na kuihamisha nguzo mita tatu kutoka kwenye mti wowote.

Lililonibadilisha lilitokea Machi mwaka jana. Kuna ndege mwingine jamii ya chiriku, dume kifuani mwekundu kama aliyejimwagia mchuzi wa nyanya. Wenyewe wanamwita house finch. Asili yake ni magharibi ya nchi hii. Waliuzwa New York kwenye vizimba, na mwaka 1940 wakaachiwa, wakazaana upande wote wa mashariki. Asubuhi moja nikamkuta mmoja amekaa kwenye kihori, hatoki hata nilipogonga kioo. Salha akasema, mama, huyu amelala? Jicho moja lilikuwa limevimba, limefungwa kwa ukoko, na la pili linaanza. Alikuwa anapapasa mbegu kwa mdomo kama kipofu anayetafuta ufunguo.

Nikaenda kwa mzee. Hakunilaumu kwa maneno, aliuliza tu: mara ya mwisho umeosha lini? Shoga, nilikuwa sijaosha hata mara moja. Tangu Novemba! Mimi ambaye siwezi kulala sufuria likiwa chafu. Akanieleza kwamba ugonjwa ule wa macho ulianza kuonekana kwa ndege hawa mwaka 1994, unaletwa na bakteria wanaojulikana zaidi kwa kuku, na unaenezwa pale pale mezani: mgonjwa anasugua jicho kwenye tundu la kulia mbegu, mzima anaingiza kichwa baada yake. Yaani nimewakusanya kwa wema, halafu nimewaambukiza kwa uvivu.

Nikashusha vihori vyote kwa majuma mawili ili ndege watawanyike. Nikaviosha kwa sabuni, nikaviloweka kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, ile sisi tunayoiita Jik hata kama si Jik, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, nikasuuza, nikaanika mpaka vikauke kabisa. Nikafagia na maganda yote ya chini. Yule mgonjwa sikumwona tena, na sitaki kujidanganya kuhusu alikoishia. Tangu hapo naosha kila baada ya wiki mbili, iwe theluji iwe jua, na Salha ndiye anayeweka alama kwenye kalenda.

Dirisha nalo lina kesi yake. Siku moja nilisikia kishindo, nikaenda nikakuta kwenye kioo chapa nzima ya njiwa, mabawa, kifua, mpaka manyoya, imechorwa kwa ile poda ya mwilini mwake. Alikuwa ameona mti ndani ya kioo. Sasa kihori kimoja kiko karibu sana na dirisha, hakifiki hata mita moja, ili anayeshtuka asipate mwendo wa kujiumiza. Na kioo chenyewe nimekibandika vidoti kwa nje. Wageni wanadhani ni mapambo.

Tumejiandikisha pia kwenye mradi wa kuhesabu ndege wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzao wa Kanada. Kila mwaka tangu 1987 watu huhesabu ndege wa uani kwao kuanzia Novemba mpaka Aprili. Kanuni yake ni nzuri: unaandika idadi kubwa uliyoiona kwa wakati mmoja, usije ukamhesabu chikadii mmoja mara ishirini kwa kuwa ni kiherehere. Salha ameshika daftari, na ni mkali kama karani wa bandari.

Sasa turudi uani kwako. Wewe ukitundika mbegu pale, atakayekuja wa kwanza ni nani? Kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wakamaliza pwani nzima. Mbegu, wali, ukoko, mkate, chochote utakachoweka ni chao, na wakishazoea uani hapo watakula pia mayai na makinda ya shore na chozi waliojenga kwenye mikomamanga yako. Utakuwa umefungua mkahawa wa maadui. Na tena ndege wetu hawana kipupwe cha kuua, chakula wanacho. Wanachokikosa mwezi wa kwanza na wa pili, jua lile linapochoma, ni maji.

Chukua kitako cha ule mtungi uliovunjika, kile ulichokataa kukitupa. Kisiwe na kina cha kuzidi vidole vitatu, na katikati weka jiwe bapa wapate pa kusimama. Kiweke chini ya matawi yaliyofunga ya mkomamanga, maana kunguru anapenda mahali peupe pa kurukia. Lakini pasiwe na kichaka cha chini karibu, paka wa jirani yako asipate pa kujificha. Badilisha maji kila siku, kwanza kwa ajili ya usafi, pili mbu. Ukitaka kuwaita upesi, toboa chupa ya plastiki kwa sindano, itundike juu yake, iwe inadondosha tone moja moja. Sauti hiyo wanaisikia.

Kwa chozi panda mshubiri, na ua la mgomba usilikate mapema. Huku kiangazi tuna ndege wa gramu tatu anayeelea hewani mbele ya ua, mabawa huyaoni; namchanganyia sukari kipimo kimoja kwa maji vinne, bila rangi, na kwenye joto namwaga kila siku ya pili. Watu wanamfananisha na chozi wetu, lakini si ndugu. Chakula chao tu ndicho kilichowafananisha. Wewe mshubiri utakufanyia kazi hiyo bure bila kuosha chupa. Na lile papai la juu kabisa ambalo hulifikii, mwachie pasa. Najua unamchukia, ila wajukuu watampenda na ule mkia wake mrefu.

Nisalimie Zuhura na watoto, na mwambie bibi wa mtaa wa pili kanzu nimeipata. Ukishaweka maji, wape watoto daftari, uniandikie nani kafika wa kwanza. Mimi nasema shore. Baba Salha anasema kunguru, na tumewekeana dau la bajia.

Wako,
Mama Salha