Zuhura, usimkatie mtoto Kiswahili

Muheza, 16 Machi 2024

Mpendwa Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nakuna nazi, nusura nijikune kidole. Eti mwalimu wa Hamisi huko Toronto anataka muache Kiswahili nyumbani ili Kiingereza cha mtoto kikomae? Na shemeji ameshakubali? Mwambie asubiri kwanza asome barua hii.

Unashangaa kwamba huu ni mwaka wa pili tu, na Hamisi anabishana na watoto wa jirani kwa Kiingereza mpaka unashindwa kumfuata, ila hesabu za mafumbo zinamtoa jasho. Mimi sishangai. Hukohuko Kanada yuko mtaalamu anaitwa Jim Cummins, ambaye tangu 1979 ametenganisha Kiingereza cha kuombea mpira na Kiingereza cha darasani. Cha kwanza mtoto mgeni hukishika kwa miaka kama miwili. Cha pili humchukua mitano hadi saba kuwafikia wenzake waliozaliwa nacho. Kwa hiyo Hamisi hana kasoro yoyote, muda wake haujafika tu. Tena Cummins anasema mtoto alichokielewa kwa lugha ya nyumbani hukihamishia kwenye lugha mpya. Aliyekwisha kujua nusu ni nini haanzi upya kujifunza nusu, anatafuta jina lake tu.

Ingekuwa ni vitabu peke yake nisingekushupalia hivi. Unajua nafanya utafiti wangu wa uzamili, nakaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza na daftari langu. Nilikwenda kuhesabu nani anaongea Kiingereza na kwa muda gani. Wiki haikuisha nikaona sina cha kuhesabu. Mwalimu anaacha neno la mwisho, darasa zima linalimalizia kama kwaya. Akiuliza kama wameelewa, "Yes, madam!" mpaka bati linatetemeka. Nje ya kwaya hiyo, kimya. Watoto hawa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wakapewa wiki chache za kozi ya Kiingereza, kisha baiolojia, jiografia na historia zote zikageuka lugha. Hamisi wako walau ana uwanja wa kuchezea Kiingereza. Wa kwangu, hata muuza maandazi wa getini hana haja nacho.

Siku moja nikaomba ruhusa, nikawapa swali lilelile mara mbili, Jumatatu kwa Kiingereza, Jumatano kwa Kiswahili: kwa nini embe bichi likitiwa chumvi hutoa maji? Kijana mmoja anayekaa dirishani, Jumatatu alinakili swali langu lote kwa mwandiko mzuri, akaondoa alama ya kuuliza, akaweka nukta. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Jumatano akajaza nusu ukurasa: maji yanatoka ndani ya embe yakiifuata chumvi iliyo nje, na ndiyo maana bibi yake hutia samaki chumvi kabla ya kuwaanika. Nilikaa na zile karatasi mbili mezani mpaka chai ikapoa. Mtihani wa taifa utamtaka yule wa Jumatatu.

Na kinachoniudhi ni kwamba haya si mapya. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya elimu, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili ifikapo 1985, serikali ikakataa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu wa lugha waliotumwa na Uingereza, wakapima wanafunzi wetu, wakaona kama asilimia 10 tu ya kidato cha nne ndio waliofikia kiwango cha kuweza kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Kuanza, Zuhura, na wao wanamaliza! Na bado wakashauri Kiingereza kibaki. Baadaye ukaja LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, akina Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakalinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa lugha hizi mbili. Ya Kiswahili yalielewa zaidi. Ripoti zipo, zinakula vumbi.

Nami si msafi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimtoa binti mmoja nje kwa kuuliza, kwa Kiswahili, maana ya neno nililoandika ubaoni. Alisimama chini ya mwarobaini kipindi kizima. Neno lenyewe sikumweleza.

Basi hadithi za sungura ziendelee. Fumbo likimshinda, msimulie kwanza kwa Kiswahili: machungwa, bei, chenji. Kiingereza shule itampa, ila hiyo shikamoo yake niliyoisikia kwenye simu imeanza kupinda, imebaki "shika". Nitumie picha ya karatasi iliyomshinda. Mama yake mdogo atamtungia mafumbo yaleyale, lakini ya soko la Muheza, tuone kama tatizo ni hesabu.

Mama anakusalimu. Anauliza huko bamia mnapata?

Mwenzio,
Rehema