Barua kwa mwanangu Salma, anayeanza kufundisha Kiingereza Khon Kaen, Thailand

Wete, Pemba

Mwanangu Salma,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, huku sote wazima, na bibi yako anakuombea dua kila sala.

Ulinambia kwenye simu kuwa unachohofia ni wanafunzi kukucheka matamshi. Hofu hiyo iweke pembeni. Kinachowarudisha kwao walimu wageni wa Thailand kabla ya wakati, mara nyingi, ni karatasi iliyopitwa na tarehe. Kwa hiyo nianze na karatasi, ndipo tuje darasani.

Umeingia kwa viza ya kazi, ile ya Non-B, na muhuri wa uwanja wa ndege umekupa siku 90. Ndani ya siku hizo kibali cha kazi kitoke, kisha Uhamiaji wakuongezee muda wa kukaa mpaka mwaka mmoja. Ada ya kuongeza muda ni baht 1,900, baht ndiyo pesa ya kule. Tatizo ni kwamba nyaraka nyingi zinazotakiwa zinatoka skuli: mkataba, barua za mkuu wa skuli, uthibitisho wa kazi yako. Skuli huzitayarisha kwa mwendo wao, na huku siku zinayoyoma. Usingoje uitwe. Wiki ya kwanza muulize karani anayeshughulikia wageni ni karatasi gani bado, uandike tarehe alizokutajia, na kila tarehe ikifika uwe umesimama mlangoni kwake, kwa upole na tabasamu. Ukali haufai kitu kule. Anayepandisha sauti mbele za watu huonekana hana malezi, na faili lake hushuka chini ya lundo.

Kibali cha kazi kimefungwa na mwajiri aliyeandikwa ndani yake. Ukiacha kazi, ruhusa yako ya kukaa inakoma siku ileile ajira inapokoma. Unaweza kuomba siku 7 za kujipanga, nazo kwa baht 1,900 nyengine. Basi akikujia mtu na tuisheni ya Jumamosi, "pesa mkononi", mwambie unashukuru. Kama kituo chake hakimo kwenye kibali, atakayeulizwa siku ya ukaguzi ni wewe mgeni.

Kuna na lile la siku 90 ambalo watu hulichanganya na viza. Kila ukikaa nchini siku 90 mfululizo unaripoti Uhamiaji mahali unapoishi, kwa fomu ya TM47. Unaruhusiwa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe yako mpaka siku 7 baada yake. Ukipitisha hapo, faini ni baht 2,000. Kuripoti huko hakukuongezei hata siku moja ya kukaa, na ukitoka nchi ukarudi, hesabu inaanza upya. Fomu ya TM30 ni jukumu la mwenye nyumba: anatakiwa aarifu ndani ya saa 24 kwamba mgeni amefikia kwake. Asipofanya, utakayehangaika nalo ukienda kuongeza muda ni wewe. Muulize kabla hujalipa kodi, na omba nakala ya risiti yake.

Ukitaka kuja likizo, kabla hujaenda uwanja wa ndege nunua ruhusa ya kurudi: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila hiyo, muda wote uliobaki kwenye pasi yako ya kusafiria unafutika na unaanza upya ubalozini. Na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasi daima, maana Thailand huwataka nayo wanaotoka Tanzania.

Sasa jina. Sisi Wazanzibari tuna jina letu, la baba na la babu, na fomu za kule zinataka jina la ukoo. Wewe andika majina matatu kama yalivyo kwenye pasi, kwa mpangilio uleule, kila pahala: benki, kibali, mkataba, bima. Angalia na shahada yako. Pasi ikisema Mohamed na cheti kikasema Mohammed, kwetu ni mtu mmoja, kwa karani wa Khon Kaen ni watu wawili. Ukiona tofauti nambie mapema, nitakwenda kwa wakili kuuliza kiapo cha kuthibitisha majina. Nakala ya kila karatasi iwe kwenye simu yako na nyengine kwangu.

Miaka yao nayo ni ya Kibudha, toa 543. Kwa hiyo 2568 ni 2025, usije ukaona kibali kinaisha 2569 ukadhani umepewa karne tano. Hata paketi ya maziwa huenda ikaandikwa hivyo, kwa tarakimu mbili za mwisho.

Nyumba sitaieleza sana, umezoea kupanga. Watakudai amana, aghalabu kodi ya miezi miwili, pamoja na mwezi mmoja wa mbele. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila mpasuko wa sinki na mita zote mbili, umtumie mwenye nyumba siku ileile. Bila picha, amana huliwa na "matengenezo". Uliza bei ya umeme kwa yuniti. Wenye nyumba wengi hutoza baht 7 au 8, karibu mara mbili ya bei ya serikali, na kiyoyozi cha Aprili, joto likipita nyuzi 40, kinaweza kula umeme wa pesa nyingi. Sweta uwe nalo pia, kwani Disemba na Januari usiku wa Isan, hiyo kanda ya kaskazini-mashariki uliko, una baridi usiyoijua.

Kuhusu mshahara, soma mkataba ni wa miezi mingapi ya malipo. Mikataba ya mawakala wa kuajiri walimu mara nyingi hulipa miezi 10 au 11: muhula wa kwanza unaanza katikati ya Mei, wa pili mwanzoni mwa Novemba, na mwezi wa Machi skuli zinafungwa mpaka Mei. Likizo ile ndefu ndiyo isiyo na kitu, na mshahara wa Oktoba, kati ya mihula, huenda ukakatwa. Tangu mshahara wa kwanza weka kando kodi ya miezi miwili. Mjomba wako ameshaanza kutaka umnunulie simu. Nimemwambia asikusumbue mpaka mwakani, na wewe usimjibu vyengine. Kwenye mshahara utakatwa mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5 yenye kikomo, na hadi 2025 kikomo kilikuwa baht 750 kwa mwezi. Matibabu ya mfuko huo yanaanza ukishachangia miezi 3, tena katika hospitali uliyojiandikishia. Chagua iliyo karibu na unapolala. Miezi ile ya mwanzo uwe na bima ndogo ya kujinunulia.

Vespa usipande mpaka uwe na leseni ya pikipiki inayokubalika kule. Njia ni upande wa kushoto kama kwetu, hilo ndilo linalowadanganya watu. Ajali ikitokea na leseni huna, bima hukataa kulipa.

Haya, darasani. Skuli nyingi za serikali zina madarasa ya watoto 40 na zaidi, kipindi dakika 50, feni zinanguruma na mlango uko wazi. Nunua kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni, chenye maiki ya kichwani. Walimu wao wenyewe wanavaa, na madukani vimejaa. Asiyenunua, baada ya wiki tatu sauti inakauka, akianza kupiga kelele watoto wanadhani ana hasira. Kalamu za ubao mweupe uwe na zako, ufungie mkobani.

Usiulize darasa zima "mmefahamu?" Watajibu ndiyo kwa pamoja, kama watoto wetu wanavyojibu, ila kule kuna zaidi: mwanafunzi anaona kumuuliza mwalimu ni kumuaibisha, kana kwamba hakueleza vizuri. Mpe kazi ya kuonyesha. Kila mmoja aandike sentensi moja kwenye karatasi na kuinyanyua, au wawili wawili waambiane kabla hujamchagua mmoja. Ukimsimamisha mtoto peke yake wiki ya kwanza atanyamaza, na wenzake watamjibia.

Makosa yao yana sababu, na ukiijua utasahihisha kwa haraka. Kitenzi cha Kithai hakibadiliki kwa wakati. Jana, leo na kesho vinasemwa kwa neno la pembeni. Ndiyo maana mtoto atakwambia "yesterday I go" na haoni kilichopungua. Wewe uliyekulia kwenye -li-, -na- na -ta- utaona ajabu, lakini usimdhanie mzembe. Fundisha wakati mmoja kwa wiki mbili, na mstari wa siku ubaki ubaoni muda wote. Wingi pia haubadilishi nomino kwao, kwa hiyo s ya mwisho huanguka. Na konsonanti za mwisho hufungwa bila kutoka: l inakuwa n, "school" ikasikika "sakun". Sauti za sh na ch zinachanganyika, na v inakuwa w. Chagua sauti moja kwa kipindi, dakika 5, waimbe wote pamoja kisha safu kwa safu. Matamshi yako utawapa polepole na wazi, na hapo mtu aliyejifunza lugha hii skuli anamzidi aliyezaliwa nayo, kwa sababu anajua inapouma.

Majina yao marasmi ni marefu. Kila mtoto ana jina la utani la nyumbani, litumie hilo. Chora ramani ya viti na nambari zao za darasani.

Matokeo yatakushangaza. Skuli nyingi hazifelishi: aliyeshindwa anarudia mtihani mpaka apite. Muhula wa kwanza usipigane na hilo. Weka alama zako za kweli daftarini, na mtihani wa marudio uwe ndiyo somo lenyewe, aje akueleze kwa mdomo sentensi kumi alizokosea.

Adabu utaijua upesi, kwa sababu umelelewa na shikamoo. Mwanafunzi atakuunganishia viganja, nawe unaitikia kwa kichwa au viganja, ila wewe mkubwa huanzi. Mkuu wa skuli na walimu wazee uwaanze wewe. Usimshike mtoto kichwani hata kwa mapenzi, usinyooshe mguu kumwelekea mtu, na viatu uvivue pale unapoona vimevuliwa. Bendera inapanda saa 2 kamili asubuhi, simama kimya. Juu ya mfalme na familia yake usiseme kitu wala usiandike, hata kwa mzaha, hata kwenye simu. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai kina kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa.

Chakula. Isan nguruwe yumo hata pasipoonekana: katika supu ya mifupa, katika mafuta ya kukaangia mboga, na katika mikate ya moto ya madukani. Kusema "mai sai mu", usitie nguruwe, kunaondoa nyama tu, karai ni lilelile. Sema "ahan islam", ndivyo wanavyokiita chakula chetu, na kwenye paketi tafuta alama ya almasi yenye neno halali kwa Kiarabu. Wali wao wa kunata unaliwa kwa mkono, utaupenda. Samaki wao wa kuvundika harufu yake inaishinda ng'onda, lakini ni samaki. Michuzi ya Isan mingi haina nazi. Tui la boksi liko kila duka, pika mwenyewe. Wauza roti za njiani wengi ni Waislamu, na hao ndio wa kuwauliza msikiti ulipo.

Kibla huku kwetu ni kaskazini. Huko ni magharibi, kimeinama kidogo kaskazini. Adhuhuri inaangukia karibu na saa ya chakula, omba chumba kitupu kabla ratiba haijafungwa. Idi ni mapumziko katika mikoa ya kusini tu, kwa hiyo ruhusa yake iombe mwezi mmoja kabla, kwa maandishi. Hijabu nayo muulize mkuu mapema; akikubali, mshukuru kwa ujumbe mfupi ili jibu lake libaki kwenye simu.

Saa zao za usiku zitakufurahisha: saa moja ya magharibi wanaiita moja kama sisi, na mbili ni mbili, mpaka tano. Mchana ndipo wanapotuacha, alasiri wanahesabu tangu adhuhuri. Mtu akikupa miadi ya saa tatu, muulize ya asubuhi, ya alasiri au ya usiku.

Nyinyi mko mbele yetu kwa saa nne. Ukipiga baada ya sala ya Isha ya huko, saa mbili usiku, sisi ni saa kumi alasiri na mimi nimeshatoka sokoni. Alkhamisi nipigie unambie karani amekupa tarehe gani, na unitumie picha ya ukurasa wa pasi wenye muhuri.

Wasalaam,
mama yako